Gari lililodhani Marangu ni Arusha Chini

Mark II ya baba mdogo ni GX100, ile yenye injini ya 1G-FE ya silinda sita. Ni gari la kimya, linapanda kutoka Himo hadi Marangu Mtoni bila kunung'unika. Lakini kwa miaka miwili mfululizo, ikifika Juni, mwenyewe alikuwa akiendesha na kitambaa mkononi. Mkono mmoja umeshika usukani, mwingine unafuta kioo. Akiwasha kiyoyozi na kukiwekea nyuzi joto 25, kinampulizia baridi ya kufisha vidole na kioo kinazidi kuziba. Akizima, kioo kinaziba vilevile, ila polepole zaidi.

Barabara ile naijua tangu utoto. Julai ukungu unashuka mpaka kwenye migomba, watoto wa shule wanatembea ukingoni mwa lami na masweta yao, na bodaboda wanachomoka vichochoroni bila taa. Mzee wa miaka 70 anayeona nusu ya kioo kwenye kona zile hana tatizo la starehe. Ndiyo maana aliponipigia simu nikapandisha Jumamosi ileile.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Hili gari wamelijaza gesi mara tatu. Kila likijazwa, baridi inaongezeka. Mimi nataka joto, wao wananiletea barafu."

Sentensi hiyo moja ilikuwa na uchunguzi wote ndani yake, na ninasikitika kwamba gereji mbili ziliisikia zikaiacha ipite. Gari linalotoa baridi kali halina upungufu wa gesi. Kwenye tundu la katikati la dashibodi nilichomeka kipimajoto cha jikoni, na baada ya dakika kumi kikasoma nyuzi 7. Hiyo ni kazi nzuri ya kompresa, kondensa na evaporeta. Baridi ilikuwepo ya kutosha. Kilichokosekana ni mtu wa kuliambia gari kwamba baridi imetosha.

Watu wengi hudhani kuwa kitufe cha nyuzi huongeza au kupunguza nguvu ya kiyoyozi. Kwenye gari lenye kiyoyozi cha kujiongoza, sivyo. Hewa yote hupitishwa kwanza kwenye evaporeta, ambako hupozwa karibu na kuganda. Unyevu wake hunata kwenye mapezi ya alumini na kudondoka chini ya gari, yale maji ambayo wenye magari huyaona kwenye maegesho wakadhani rejeta inavuja. Baada ya hapo hewa hiyo, sasa ikiwa kavu na baridi, hukutana na kilango. Kilango kikiegemea upande mmoja, hewa yote huenda moja kwa moja kwa abiria. Kikiegemea upande wa pili, yote hupitia kwenye hita, yaani kirejeta kidogo kinachopitisha maji ya moto ya injini. Kikikaa katikati, sehemu inapita huku na sehemu kule, kisha zinachanganyika.

Aliyekulia kwenye kihamba ataelewa upesi akikumbuka mfongo. Maji yanashuka kutoka mlimani kwa kasi yake, na mwenye zamu ndiye anayesogeza udongo na magome ya mgomba kuamua kiasi gani kiingie shambani na kiasi gani kiendelee kwa jirani. Kilango cha hewa ni hilo gome la mgomba, na mwenye zamu ni kompyuta ndogo iliyo nyuma ya vitufe, inayokisogeza kwa mota isiyozidi ukubwa wa kiganja. Cadillac waliuza mfumo wa aina hii kwenye magari yao ya mwaka 1964, na Wajapani wakaja kuufanya wa kawaida hata kwenye magari ya familia. Ili mwenye zamu aamue vizuri, anahitaji habari: joto la ndani ya gari, joto la nje, ukali wa jua, joto la evaporeta, joto la maji ya injini. Kila habari ina sensa yake. Kati ya hizo, joto la ndani lina uzito mkubwa sana kwenye hesabu. Sensa hiyo ikikosea nyuzi chache tu, kosa huzidishwa mara kadhaa kabla halijafika kwenye kilango.

Kwa hiyo swali langu halikuwa tena kiyoyozi kina nini. Nilitaka kujua gari hili linaamini liko wapi.

Toyota za miaka ile hujieleza zenyewe ukijua kuziuliza. Unabonyeza AUTO pamoja na kile kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani, unavishikilia, halafu unageuza ufunguo mpaka ON bila kuwasha injini. Taa zote za paneli huwaka na kuzima mara nne, kisha namba zinaanza kutokea: 00 ni salama, 11 ni sensa ya ndani, 12 ya nje, 13 ya evaporeta, 14 ya maji, 21 ya jua. Nilifanya hivyo jioni ileile, gari likiwa chini ya mwembe, na ikaja 21.

Hapo nilikaribia kukosea kama wengine. Nilikwisha kuanza kufikiria spea, mpaka nilipokumbuka kuwa sensa ya jua ni jicho tu la kupokea mwanga. Gizani jicho halioni kitu, na kompyuta hutafsiri kutoona kuwa ni waya uliokatika. Kipimo hiki hufanywa mchana, gari likiwa mahali peupe. Kesho yake saa nne asubuhi, mawingu yakiwa yamepungua kidogo, tulilisogeza uani tukarudia. Ikatoka 00. Sensa zote nzima, waya zote nzima, na bado gari linapuliza barafu.

Naona hapa ndipo kazi nyingi za magari ya zamani huharibikia, kwa sababu 00 humfanya fundi aikunje paneli na kurudi kwenye gesi. Lakini namba ile haikusema kwamba joto la ndani limepimwa sawasawa. Ilisema tu kwamba umeme unapita kwenye sensa na unarudi ukiwa ndani ya mipaka. Sensa ya joto ni kipande kidogo cha kinzani ambacho ukinzani wake hupungua joto linapopanda. Ikikaa ndani ya sufuria ya uji itakuambia ukweli kuhusu uji. Kama wewe ulitaka kujua habari za sebuleni, sensa haina kosa, imewekwa tu mahali pasipo pake.

Tukaendesha nusu saa, tukazima, nikavuta kifuniko cha chini pembeni ya redio na kuchomoa soketi ya sensa haraka kabla mambo hayajapoa. Mita ilisoma kilo-ohmu 1.3. Sensa hii ya Toyota kwa nyuzi 25 husoma karibu kilo-ohmu 1.7. Ikisoma 1.3 maana yake inahisi nyuzi kama 31. Kipimajoto changu kilichokuwa kimelala kwenye kiti cha abiria kilionyesha 19, na kwa nyuzi 19 sensa ingepaswa kusoma kama 2.2. Tofauti ya nyuzi 12. Sisi tulikuwa Marangu tumevaa majaketi, na gari lilikuwa likiamini limeegeshwa Arusha Chini, kwenye miwa ya TPC, saa nane ya mchana wa Februari. Kwa imani hiyo lilikuwa likifanya kazi yake kwa uaminifu kabisa: kilango chote upande wa baridi.

Niliishika sensa kiganjani. Ukinzani ukashuka taratibu bila kuruka. Nikaiweka kivulini juu ya sahani, ukapanda. Ilikuwa nzima. Basi hewa iliyokuwa ikiigusa siyo hewa ya ndani ya gari.

Sensa ya ndani haikai wazi kama kipimajoto cha ukutani. Inakaa nyuma ya kitundu chenye vijiti, na mgongoni mwake kuna kijimpira chembamba kinachokwenda hadi kwenye boksi la hita. Feni inaposukuma hewa, sehemu ya hewa hiyo hupita kwa kasi kwenye kikoo chembamba, na kasi hiyo huvuta hewa kutoka kwenye kijimpira, sawa na lile bomba la mkono la kupulizia dawa ya mbu linavyonyonya dawa kutoka kwenye kopo. Hivyo, muda wote feni inapozunguka, hewa ya chumba cha abiria hunyonywa kupitia kile kitundu, inaigusa sensa, inaendelea zake. Mpira ukichomoka, mnyonyo unakufa. Sensa inabaki imefungiwa ndani ya dashibodi pamoja na redio na mabomba ya hita, na inapima joto la hapo.

Kuna kipimo kisichohitaji mita wala namba. Chana kipande chembamba cha karatasi laini ya chooni, urefu wa kidole, ukisogeze kwenye kitundu feni ikiwa kasi ya kati. Mnyonyo ukiwepo, karatasi inanata kwenye vijiti. Ya kwetu ilianguka kwenye zulia. Tukajaribu tena, ikaanguka tena. Baba mdogo aliiokota, akaijaribu mwenyewe, akanitazama.

Tulichomoa ncha ya betri tukasubiri dakika kadhaa kwanza, kwa ajili ya mifuko ya hewa. Hilo nawasihi wote wanaogusa dashibodi. Kisha tukatoa redio. Nyuma yake, chini ya fundo la waya zilizofungwa kwa utepe mweusi, mpira ule ulikuwa umelala, ncha yake imejaa vumbi jekundu. Haukuwa umeoza wala kutafunwa na panya. Ulichomolewa na mkono wa mtu.

Nani, na kwa nini? Redio za Kijapani za enzi hizo hupokea FM kati ya megahezi 76 na 90, na stesheni zetu zinatumia 87.5 hadi 108. Mtanzania anayenunua gari kutoka Japani anapata gari zima na kipande kidogo sana cha redio. Ndiyo maana kitu cha kwanza kinachofunguliwa kwenye magari haya, kabla hata ya kubadilisha oili, ni dashibodi, ili redio nyingine iingie au kiongeza mawimbi kifungwe. Kijimpira cha sensa kinapita papo hapo. Kinasumbua mkono, kinachomolewa, na kwa kuwa gari linawaka na redio inaimba, hakuna anayekikumbuka. Simlaumu aliyefanya, hakuna aliyemfundisha kazi ya mpira ule. Ila naamini kuna magari mengi Moshi na Dar yanayojazwa gesi kila mwaka kwa kosa hilihili, na Dar halionekani kwa sababu huko kila mtu anataka baridi tu. Linajitokeza huku mlimani, na hasa Desemba, familia zinapopanda kuja kula Krismasi, mvua ikinyesha, watu watano ndani na nguo zao mbichi.

Tulisafisha mpira kwa sindano na maji ya sabuni, tukaukausha, tukaurudisha na kuufunga kwa kibano kidogo cha plastiki. Karatasi ikanata. Tulipoendesha tena, sensa ilisoma 2.1, na upepo wa kwenye matundu ukaanza kupata joto wenyewe bila kuguswa.

Lakini haukupata joto la kutosha, na hapo kikafunguka kisa cha pili. Tulipokuwa tukishuka kuelekea Himo, injini haina mzigo, upepo ukarudi kuwa vuguvugu. Hata nilipoweka joto la mwisho, kipimajoto kilisimama kwenye 34. Mpira wa kuingia kwenye hita na wa kutoka yote ilikuwa na joto linalolingana ukiishika, kwa hiyo hita haikuwa imeziba kwa kutu. Maji yenyewe ndiyo hayakuwa ya moto. Tulifungua nyumba ya thamostati tukaikuta tupu.

Kuitoa thamostati ni desturi yetu, na ina mantiki yake. Gari likichemsha mlimani mara moja, fundi anaitoa ili maji yazunguke muda wote, na kweli halichemshi tena wiki ile. Ila maji yakichemka chanzo mara nyingi ni mfuniko wa rejeta. Moshi, kwenye mita kama 850 juu ya usawa wa bahari, maji ya wazi huchemka kwenye nyuzi 97. Kwenye lango la Marangu, karibu mita 1,870, huchemka kwenye 94. Mfuniko mzima wenye alama ya 0.9 hushikilia presha inayosogeza kiwango hicho hadi juu ya 110, hata huko langoni. Mfuniko uliokufa sipringi hauzuii chochote, na kadiri unavyopanda mlima ndivyo unavyokaribia kuchemsha. Kwa hiyo hofu ya mlima ni ya kweli, na dawa yake ni mfuniko mpya na kulenti ya kweli badala ya maji ya bomba. Ukitoa thamostati unabaki na injini inayokimbia ikiwa baridi, inayokula petroli zaidi, na hita ambayo haitapata joto kamwe kwenye mteremko. Tena kompyuta ya kiyoyozi ina sensa yake ya maji: yakiwa ya baridi huizuia feni isipulize kwa nguvu, ili isimpige abiria na upepo wa baridi. Mwenye gari anaona feni imedhoofika, ananunua feni.

Tulinunua thamostati ya nyuzi 82. Kabla ya kuifunga tuliitumbukiza kwenye sufuria ya maji jikoni kwa mama mdogo, imening'inia kwa uzi ili isiguse chini, kipimajoto pembeni. Ilianza kufunguka ilipofika nyuzi 82, na maji yalipochemka ilikuwa wazi karibu yote. Kipimo hiki kifanyieni mjini kama mnaweza. Thamostati nyingi za aina hii hufunguka kikamilifu kwenye 95, na ukiichemshia huko langoni, maji yatakwama kwenye 94 nawe utaitupa nzima.

Gesi sikuigusa, na sitamshauri mtu yeyote wa nyumbani aiguse. R134a huchemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri. Ikikurukia mkononi inagandisha ngozi, ikikurukia jichoni hujui utabaki na nini. Isitoshe kila kilo inayoachiwa hewani hupasha dunia joto kama kilo 1,430 za kaboni dioksidi kwa hesabu ya miaka 100, na ndiyo maana mwaka 2016 mataifa yalikutana Kigali, hapa kwa majirani zetu, yakakubaliana kuipunguza pamoja na jamaa zake. Gari lililojazwa mara tatu lilikuwa na gesi ya ziada, na ziada hupandisha presha na kuitesa kompresa. Tulitafuta fundi wa mjini mwenye mashine ya kuinyonya na kuipima kwa mizani, airudishe kwa uzito ulioandikwa kwenye kibandiko chini ya boneti.

Pale kwake tulijifunza jambo dogo ambalo naliandika kwa ajili ya mafundi vijana. Baada ya kutoa gesi, pampu hunyonya hewa yote ili unyevu utoke. Kijana wake alikuwa akitazama geji isogee hadi 30, kama alivyosoma. Ikagota kwenye 27 na haikusogea. Akasema mfumo unavuja, akataka kufungua kondensa. Haukuvuja. Thelathini ni namba ya pwani. Geji hupima tofauti kati ya ndani na hewa ya nje, na hewa ya Moshi ni nyepesi kuliko ya Tanga, kwa hiyo hata ukinyonya mpaka pasibaki kitu, geji itasimama kwenye 27 hivi. Kuvuja hupimwa kwa kufunga valvu, kuzima pampu na kuona kama mshale unarudi. Tulisubiri nusu saa. Haukurudi.

Jumapili iliyofuata mvua ilikuwa imeamka nasi. Tulitoka kanisani watu watano, miavuli inachuruzika miguuni. Vioo viliziba papo hapo, kama zamani. Baba mdogo alibonyeza kitufe cha kupuliza kioo cha mbele, AC ikiwaka, nyuzi 25, akaacha mikono yote miwili kwenye usukani. Hewa ilipozwa, ikaacha maji yake kwenye evaporeta, ikapita kwenye hita, ikafika kwenye kioo ikiwa kavu na ya moto. Uwazi ulianza chini, mbele ya usukani, ukapanda kama pazia linavutwa. Nilihesabu kwa saa: dakika moja na nusu hadi tukaona barabara nzima, na mbele yetu watoto wanne chini ya jani moja la mgomba.

Kile kitambaa bado kipo mlangoni, anafutia miwani. Na kwenye droo ya dashibodi amehifadhi karatasi laini iliyokunjwa. Mwezi uliopita redio yake ilikufa, akaipeleka kufungwa nyingine, na kabla hajalipa aliwasha feni, akachana kipande, akakisogeza kwenye kitundu. Kilianguka. Akamwambia kijana aitoe redio tena.